Utando wa ndani wa kibofu unavyoiongoza misuli yake

Kwa miaka mingi vitabu vya tiba vilieleza kwamba utando wa ndani wa kibofu cha mkojo una kazi moja tu, nayo ni kuzuia mkojo usivuje. Utafiti uliofanywa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 umeonyesha kuwa utando huo huihimiza misuli ya kibofu na pia huituliza. Ugunduzi huo umebadili namna madaktari wanavyowatazama watu wanaosumbuliwa na haja ndogo ya kila mara.

Makala haya yanakitazama kiungo kinachofanya kazi mchana na usiku, lakini ambacho ni nadra kuzungumziwa mbele za watu: kibofu cha mkojo.

Wapo watu wengi, wake kwa waume, ambao siku yao hupangwa na choo. Abiria wa basi linalotoka Dar es Salaam kwenda Mwanza hukataa kunywa maji tangu jioni ya kuamkia safari. Mzee anayeishi na wanawe Muscat au London husali safu ya mwisho, karibu na mlango, kwa kuchelea udhu wake kutenguka kabla ya salamu. Mama aliyekuwa hakosekani katika harusi za jamaa zake huanza kutoa visingizio, kwa kuwa hajui katika ukumbi ule choo kiko wapi.

Hali hiyo ina dalili zinazojulikana. Haja ndogo huja kwa ghafla na haikubali kuahirishwa. Mgonjwa huenda chooni mara nyingi kuliko kawaida mchana, huamka usiku, na pengine mkojo humtoka kabla hajafika. Katika makala haya hali hiyo itaitwa kibofu chenye pupa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2006, na uliofanyika Canada, Italia, Sweden, Ujerumani na Uingereza, ulionyesha kuwa asilimia 11.8 ya watu wazima waliohojiwa walikuwa na dalili hizo.

Kwa muda mrefu lawama zote zilitupiwa misuli ya kibofu, au mishipa ya fahamu inayoiendesha. Leo wataalamu wanaitazama pia sehemu ambayo zamani wachache tu waliishuku, yaani ule utando mwembamba unaogusana na mkojo wenyewe.

Kujaa na kumwaga

Kibofu kinaweza kulinganishwa na kiriba cha maji. Figo huchuja damu wakati wote, na mkojo huteremka kidogo kidogo kupitia mirija miwili hadi kibofuni. Kibofu cha mtu mzima mwenye afya huweza kuhifadhi kiasi cha mililita 400 hadi 500. Kwa kawaida mtu huanza kuhisi haja nyepesi kibofu kinapokuwa na mililita 150 hadi 200 hivi, naye huweza kuendelea na shughuli zake mpaka apate nafasi ya kwenda chooni.

Ukuta wa kibofu umefumwa kwa misuli laini, yaani misuli ya aina ile iliyomo katika utumbo na katika mishipa ya damu, ambayo haifuati amri ya mtu kama ifanyavyo misuli ya mkono au ya mguu. Wataalamu huiita misuli hiyo detrusa. Kibofu kinapojaa, detrusa hulegea na kutanuka, na kwa sababu hiyo shinikizo ndani ya kibofu hubaki chini ingawa mkojo unazidi kuongezeka.

Wakati wa kukojoa ukifika, mishipa ya fahamu itokayo sehemu ya chini ya uti wa mgongo humwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Kemikali hiyo hushika vipokezi vilivyo juu ya seli za misuli. Misuli hujikaza kwa pamoja, mlango wa kibofu hufunguka, na mkojo hutoka.

Kwa mtu mwenye afya kazi hizo mbili, ya kuhifadhi na ya kumwaga, hazichanganyiki. Kwa mwenye kibofu chenye pupa, mpaka kati yake huvurugika. Misuli hutikisika, au hisia ya haja hupanda, wakati ambapo kibofu kilipaswa kuwa bado kimetulia.

Miavuli isiyopitisha maji

Ndani kabisa, juu ya misuli hiyo, kumetandazwa utando wenye tabaka kadhaa za seli. Seli za chini ni ndogo. Za juu kabisa ni kubwa na bapa, na kila moja huzifunika kadhaa zilizo chini yake. Kwa sababu ya umbo hilo zimepewa jina la seli mwavuli.

Seli mwavuli zimeshikamana kwa mishono imara, na uso wake umefunikwa kwa vigae vya protini ziitwazo uroplakini. Ulinzi huo una maana kubwa. Mkojo hubeba takataka ambazo figo zimeziondoa katika damu, kama vile urea, asidi na mabaki ya dawa. Lau vitu hivyo vingeweza kupenya na kurudi mwilini kwa wingi, kazi ya figo ingekuwa ya bure.

Seli hizo zina uwezo mwingine. Kibofu kikiwa kitupu, huweka akiba ya ngozi yake katika vifuko vidogo vilivyomo ndani mwake. Kibofu kikianza kujaa, vifuko hivyo huungana na uso wa seli, na seli hutanuka bila kupasuka na bila kuvuja.

Kutokana na umahiri huo wa kuzuia, wanasayansi wa vizazi vilivyotangulia waliridhika kuuona utando wa kibofu kama bati la paa, ambalo likiwa halivuji halina habari nyingine ya kuulizwa. Wengi waliochunguza misuli ya kibofu katika maabara waliukwangua utando huo na kuutupa kabla ya kuanza majaribio yao.

Fundisho kutoka mishipa ya damu

Fundisho la kwanza kwamba utando huenda una sauti yake lilitoka mahali pengine mwilini. Mwaka 1980 mwanasayansi wa Marekani Robert Furchgott na mwenzake John Zawadzki walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya mjini New York kwa kutumia mshipa mkubwa wa damu wa sungura. Kemikali ya asetilikolini ilikuwa ikiwatatanisha, kwani mara iliulegeza mshipa, mara haikuulegeza.

Jibu lilikuwa katika namna vipande vya mshipa vilivyotayarishwa. Vipande vilivyosuguliwa hadi utando wake wa ndani ukatoka havikulegea. Vilivyobaki na utando wake vililegea. Kwa hiyo utando ndio uliokuwa ukitoa kitu kinachoiambia misuli ilegee. Baadaye kitu hicho kilitambuliwa kuwa ni gesi ya oksidi ya nitriki, na mwaka 1998 Furchgott, pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Baada ya hapo lilibaki swali moja lililokigusa kibofu moja kwa moja. Ikiwa utando wa mshipa wa damu huzungumza na misuli iliyo nyuma yake, je, utando wa kibofu ni bubu?

Utando unaohimiza

Jibu la kwanza lilipatikana mwaka 1997. Mtafiti wa Uingereza D. R. Ferguson na wenzake waliripoti kuwa, shinikizo la maji linapobadilika, seli za utando wa kibofu cha sungura hutoa kemikali iitwayo ATP.

Wanafunzi wa biolojia huijua ATP kuwa ni chanzo cha nguvu ndani ya seli. Lakini tangu mwaka 1972 mwanasayansi Geoffrey Burnstock alikuwa akishikilia kwamba seli huitumia ATP pia kama mjumbe wa kupelekeana habari. Wenzake wengi walilitilia shaka wazo hilo kwa miaka mingi. Burnstock, aliyefanya kazi Melbourne na baadaye University College London, alifariki dunia mwaka 2020, akiwa ameshuhudia wazo lake likikubaliwa na kufundishwa katika vyuo vikuu.

Chini tu ya utando wa kibofu kuna nyuzi nyembamba za mishipa ya fahamu zenye vipokezi vya ATP, navyo huitwa P2X3. Mwaka 2000 watafiti walieleza kuhusu panya waliozalishwa bila vipokezi hivyo. Panya hao walikojoa mara chache kuliko wenzao, na vibofu vyao vilihifadhi mkojo mwingi zaidi kabla ya kujikaza.

Hapo ndipo mlolongo ulipoanza kueleweka. Mkojo huutanua utando, na utando hutoa ATP. ATP huiamsha mishipa ya fahamu iliyo jirani, nayo hupeleka habari kwenye uti wa mgongo na ubongo. Ubongo ukiridhia, amri hurudi kwa njia nyingine, na misuli hujikaza. Utando, kwa maneno mengine, ndio unaopiga mbiu ya kwanza.

Mbiu hiyo inahitaji chombo cha kuhisi kuvutika. Mwaka 2010 kundi la Ardem Patapoutian, mwanasayansi aliyezaliwa Lebanon na anayefanya kazi Marekani, lilizitambua protini mbili zinazohisi mguso na mkandamizo, nazo zikaitwa Piezo1 na Piezo2. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa Piezo2 imo katika seli mwavuli za kibofu na pia katika mishipa ya fahamu ya kibofu.

Utafiti huo uliwahusu pia watu waliozaliwa na hitilafu inayoifanya Piezo2 isifanye kazi. Wengi wao hawahisi kibofu kikijaa kama watu wengine wanavyohisi, na wapo wanaokwenda chooni kwa kufuata saa, kwa kuwa mwili hauwapi taarifa ya kutegemewa. Mwaka 2021 Patapoutian alipata Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na David Julius.

Julius naye ana sehemu yake katika habari hii. Mwaka 1997 yeye na wenzake walikitambua kipokezi kinachomfanya mtu ahisi mwako wa pilipili. Miaka michache baadaye Lori Birder na wenzake mjini Pittsburgh walikikuta kipokezi hicho katika seli za utando wa kibofu. Mwaka 2002 waliripoti kuwa panya wasio na kipokezi hicho hutoa ATP kidogo kibofu kinapotanuka. Seli ambazo zamani zilifananishwa na bati zilikuwa na vifaa vya kuhisi vinavyofanana na vile vya mishipa ya fahamu yenyewe.

Utando unaotuliza

Kama mambo yangeishia hapo, utando ungeonekana kuwa mchochezi tu. Lakini mwaka huohuo wa 2000 kundi la watafiti wa mji wa Sheffield nchini Uingereza, wakiwamo Russ Chess-Williams na daktari wa njia ya mkojo Christopher Chapple, lilichapisha matokeo yaliyoelekea upande mwingine.

Watafiti hao walitumia kibofu cha nguruwe, ambacho kwa mambo mengi hufanana na cha binadamu. Walikata vipande vyembamba vya ukuta wake na kuvining'iniza katika chombo chenye maji ya chumvi yaliyotayarishwa ili tishu isife. Vipande vingine viliachwa na utando wake, vingine vikaondolewa utando. Kisha waliviwekea dawa inayofanya kazi kama asetilikolini na kupima nguvu ya kujikaza.

Vipande visivyo na utando vilijikaza kwa nguvu zaidi. Vyenye utando vilijikaza kwa unyonge. Misuli ilikuwa ileile na dawa ilikuwa ileile, ila utando uliifunga breki.

Ilibaki kujulikana kama breki hiyo ilitokana na uzito wa utando wenyewe, au ilitokana na kitu kinachotolewa na utando. Ili kupata jibu, watafiti waliweka vipande viwili katika chombo kimoja. Kipande cha misuli mitupu kilipokaa pamoja na kipande chenye utando, nguvu yake ya kujikaza ilipungua, ingawa vilikuwa vipande viwili tofauti. Kilipokaa na kipande kingine kisicho na utando, nguvu haikupungua. Maana yake ni kwamba kitu fulani kilitoka katika utando, kikasafiri majini, kikaifikia misuli na kuituliza.

Watafiti hao walichunguza kama kitu hicho ni oksidi ya nitriki, ile ile ya mishipa ya damu. Haikuwa hiyo. Waliondoa pia vitu vingine kadhaa katika orodha ya washukiwa. Walibaini vilevile kuwa vipokezi vya asetilikolini ni vingi zaidi katika utando kuliko katika misuli, jambo lililoshangaza, kwa kuwa kemikali hiyo ilidhaniwa kuwa na shughuli na misuli tu. Mpaka leo hakuna kitu kimoja ambacho wataalamu wote wamekubaliana kuwa ndicho kitulizaji hicho.

Njia tatu za mazungumzo

Ukiyaweka matokeo hayo pamoja, msikilizaji, utaona kuwa utando huifikia misuli kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni ndefu. Utando huiamsha mishipa ya fahamu, habari hupanda hadi ubongoni, na amri hushuka hadi kwenye misuli.

Njia ya pili ni fupi. Utando hutoa kemikali zinazopenya hadi kwenye misuli iliyo jirani, nyingine za kuikaza, nyingine za kuilegeza. Miongoni mwake imo asetilikolini yenyewe. Watafiti wa Japani wakiongozwa na Masaki Yoshida walieleza mwaka 2004 kuwa kibofu cha binadamu hutoa asetilikolini isiyotoka katika mishipa ya fahamu, kwamba utando huchangia, na kwamba kiasi chake huongezeka kibofu kinapovutwa na umri unaposonga mbele.

Njia ya tatu hupitia jirani wa katikati. Baina ya utando na misuli kuna tabaka lenye seli ndogo zilizounganishwa kwa vitundu vinavyopitisha ishara kutoka seli moja hadi nyingine. Majaribio ya wanyama yanaonyesha kuwa tabaka hilo likiondolewa pamoja na utando, mitikisiko midogo ya kibofu hupungua. Wataalamu wengi huzichukulia seli hizo kuwa ni wapokezi wa ujumbe wa utando, ambao huueneza kwa misuli.

Kwa hiyo utulivu wa kibofu ni mizani. Upande mmoja kuna vichochezi, upande wa pili kuna vitulizaji, na utando umeshika pande zote mbili. Mizani ikielemea upande wa vichochezi, mtu mwenye misuli mizima kabisa anaweza kusumbuliwa na haja isiyokwisha.

Utando ukiugua

Mfano ulio karibu na wengi ni maambukizi ya njia ya mkojo. Bakteria aina ya E. koli wana vinyweleo vyenye ncha inayonasa katika zile protini za uroplakini. Mwili hujitetea kwa kuzibambua seli mwavuli na kuzitoa pamoja na mkojo. Mbinu hiyo huwaondoa bakteria wengi, lakini kwa muda huliacha tabaka la chini wazi. Mgonjwa huhisi mwako na haja ya kila dakika, ingawa kibofu kina matone machache tu.

Kwa wakazi wa Afrika Mashariki upo mfano mwingine, nao ni kichocho. Vimelea vyake, ambavyo daktari Mjerumani Theodor Bilharz alivitambua mjini Cairo mwaka 1851, huishi katika mishipa ya damu inayokizunguka kibofu. Mayai yake yenye mwiba hupenya ukuta wa kibofu ili yatoke na mkojo. Ugonjwa huo umekuwapo kwa vizazi vingi Unguja, Pemba na katika pwani ya Kenya na Tanzania Bara, na watoto wanaooga katika mito na madimbwi yenye konokono wake ndio huathirika zaidi.

Mayai yanayokwama katika ukuta huleta uvimbe, vidonda na damu katika mkojo. Ugonjwa usipotibiwa kwa miaka, utando hubadilika, misuli hujaa makovu, na kibofu hupoteza uwezo wa kutanuka. Mgonjwa hukojoa mara nyingi kwa sababu kiriba chenyewe kimekuwa kidogo na kigumu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vimelea hivyo mwaka 1994 katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu. Dawa ya prazikwanteli huviua vimelea, na ikitolewa mapema madhara mengi huepukika.

Dawa zinazotazamwa upya

Maarifa haya yamefungua pia kitendawili cha zamani kuhusu dawa. Oksibutinini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1975, na nyingine za jamii yake, huvizuia vipokezi vya asetilikolini. Maelezo ya kawaida yalisema kwamba dawa hizo huizuia misuli isijikaze.

Lakini kibofu kinapokuwa kinajaa, mishipa ya fahamu inayoleta asetilikolini huwa imenyamaza. Tena, kwa vipimo vya kawaida vya matibabu, dawa hizo hupunguza haja ya ghafla bila kumnyima mgonjwa nguvu ya kukojoa. Basi huwa zinazuia nini wakati huo? Maelezo yanayopewa uzito na wataalamu wengi ni kwamba sehemu ya kazi yake huwa juu ya ile asetilikolini inayotolewa na utando, na juu ya vipokezi vilivyo katika utando na katika mishipa ya kuhisi.

Suala hili si la maabara pekee. Vipokezi vya asetilikolini vimo pia mdomoni, katika utumbo na katika ubongo, na ndiyo maana watumiaji wa dawa hizo hulalamikia kinywa kukauka na choo kigumu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015 uliwafuatilia wazee wa miaka 65 na zaidi, ukakuta kuwa waliotumia kwa muda mrefu dawa zenye nguvu za aina hiyo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Hata hivyo umewafanya madaktari wawe waangalifu zaidi wanapowaandikia wazee dawa hizo.

Dawa ya mirabegron, iliyoidhinishwa Japani mwaka 2011 na Marekani mwaka 2012, hupita njia nyingine. Huviamsha vipokezi vinavyoitwa beta-3, ambavyo huilegeza misuli ya kibofu na ambavyo vimekutwa pia katika utando. Haimfai mtu mwenye shinikizo la damu la juu sana lisilodhibitiwa.

Njia nyingine ni sindano ya sumu ya botulinum katika ukuta wa kibofu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa wenye maradhi ya mishipa ya fahamu, na mwaka 2013 kwa wagonjwa wengine wenye kibofu chenye pupa. Awali ilidhaniwa kuwa sumu hiyo huipooza misuli tu. Lakini mwaka 2005 watafiti wa London walionyesha kuwa, baada ya sindano, vipokezi vya ATP na vile vya pilipili hupungua katika nyuzi za fahamu zilizo chini ya utando, na kwamba upungufu huo ulikwenda sambamba na nafuu ya wagonjwa. Tiba iliyolenga misuli ilikuwa pia imeyanyamazisha masikio yanayousikiliza utando.

Mficha maradhi

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kibofu chenye pupa chenyewe si ugonjwa wa kuua, lakini hufanana sana na maradhi mengine yasiyotaka kusubiri. Kisukari huongeza mkojo. Tezi dume ikivimba huuziba. Kichocho, mawe na saratani ya kibofu huweza kuleta dalili hizohizo. Damu katika mkojo, hata ikionekana mara moja tu na hata pasipo maumivu, ni sababu ya kumwona daktari bila kuchelewa.

Daktari akisharidhika kuwa maradhi hayo hayapo, mara nyingi huanza na hatua zisizo na dawa. Mgonjwa hufundishwa kuahirisha haja kwa dakika chache na kuziongeza taratibu, pamoja na kufanya mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga. Hushauriwa pia kupunguza kahawa na chai. Kujinyima maji mchana kutwa hakusaidii, kwa kuwa mkojo mzito huweza kuuchokoza utando uleule unaohitaji kutulizwa.

Zipo familia ambazo mzee anayeamka mara nne usiku huambiwa kuwa ni umri, na mama anayeikimbilia choo huambiwa kuwa ni udhaifu wake wa kujizuia. Yale yaliyogunduliwa tangu mwaka 1997 yanatoa jibu la haki zaidi. Katika tabaka jembamba la seli, ambalo kwa muda mrefu lilitupwa katika ndoo ya taka za maabara, huenda kuna ujumbe unaotolewa mapema mno au kwa sauti kubwa mno. Mwenye tatizo hilo hastahili lawama. Anastahili kupimwa, kusikilizwa na kutibiwa.